Kinyozi Hajinyoi: Vyuo vya Madaktari na Jicho la Mwenzako

Mgeni rasmi, wakuu wa idara, madaktari wenzangu, wauguzi, wanafunzi, na ninyi wazazi mliosafiri kutoka mbali: itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo kimoja kimoja chai itapoa.

Nimeombwa nizungumzie vyuo vya kitaaluma vya madaktari, na najua nusu ya ukumbi huu inafikiria Muhimbili, Bugando au KCMC, mahali penye mabweni na kantini. Vyuo ninavyozungumzia ni vya namna nyingine. Mabingwa wa fani moja wanakaa pamoja, wanatunga mtihani wao, wanampokea waliyemwona anafaa, na wanapaswa kumtoa aliyeacha kufaa. Leseni ya kutibu hawaitoi wao, hiyo ni kazi ya Baraza la Madaktari. Maslahi ya daktari hayatetewi na wao, hiyo ni kazi ya chama. Leseni ya udereva hukwambia kwamba mtu anaruhusiwa kuendesha basi, lakini haikwambii atashukaje mteremko mkali wa Kitonga usiku wa mvua. Chuo cha kitaaluma kipo kwa ajili ya hiyo Kitonga.

Wazee wetu walisema mganga hajigangi, na kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata. Methali hii ya pili nimeichagua makusudi, kwa sababu habari yenyewe inaanza na vinyozi.

Mwaka 1505, vinyozi na wapasuaji wa mji wa Edinburgh, Uskochi, waliiomba halmashauri ya mji iwatambue kama chama kimoja cha mafundi. Hati wakaipata tarehe 1 Julai, na mwaka uliofuata Mfalme James wa Nne akaithibitisha. Msishangae kinyozi na mpasuaji kuwa kundi moja. Siku hizo mwenye wembe mkali na mkono usiotetemeka ndiye aliyekata nywele, akapasua jipu, na akakata mguu uliooza. Nasi huku tulikuwa na ngariba na wapiga chuku, na hakuna aliyewadai cheti. Madaktari wenye digrii hawakushika kisu. Walisoma vitabu, wakatazama mkojo wa mgonjwa kwenye chupa, wakaagiza dawa.

Hati ile ya Edinburgh inastahili kusomwa taratibu. Anayetaka kuingia ajue kusoma na kuandika. Atahiniwe anatomia, tena aijue mishipa yote ya damu ili akitoboa, atoboe panapostahili. Atahiniwe pia, na hapa msicheke, nyota ipi inatawala kiungo kipi cha mwili kwa wakati huo. Kila mwaka chama kipewe maiti moja ya mtu aliyenyongwa kwa hukumu, wanachama wajifunzie. Na juu ya yote hayo, wao peke yao ndio waruhusiwe kutengeneza na kuuza pombe kali mjini Edinburgh, ile tunayoiita leo wiski.

Mtihani, maiti, nyota na biashara ya pombe, vyote katika hati moja. Za nyota tuwasamehe, ndiyo sayansi waliyokuwa nayo. Mtihani na maiti vilikuwa kwa faida ya mgonjwa. Wiski ilikuwa kwa faida ya wanachama. Tangu siku ile hadi leo kila chuo cha madaktari, popote duniani, kinavutwa na pande hizo mbili, na mtu akitaka kukipima aulize tu: mwaka huu kimehangaika zaidi na mtihani au na wiski?

London ilifuata mwaka 1518. Thomas Linacre, daktari wa Mfalme Henry wa Nane, alipata hati ya kuanzisha chuo cha madaktari wa dawa, wale wasioshika kisu, na vikao vya kwanza vikafanyika nyumbani kwake. Chuo hicho kilipewa meno. Ndani ya London na maili saba kuizunguka, mtu asitibu bila kibali chake, na anayetibu vibaya atozwe faini au afungwe. Nia ilikuwa kuwaondoa matapeli. Lakini mtihani ulikuwa wa Kilatini na mlango ulikuwa mwembamba. Mji ukakua, madaktari wenye kibali wakabaki wachache, na mgonjwa wa kawaida akaenda kwa muuza dawa wa mtaani kwake.

Tauni ilipoingia London mwaka 1665, mabingwa wengi wa chuo walifungasha wakawafuata wagonjwa wao matajiri mashambani. Wachache walibaki, kama Nathaniel Hodges aliyeendelea kuwaona wagonjwa wa tauni hadi mwisho. Lakini mzigo mkubwa wa maskini waliubeba wauza dawa, watu ambao chuo kiliwahesabu kuwa wadogo zake. Karibu miaka arobaini baadaye chuo hichohicho kilimpeleka mahakamani muuza dawa mmoja, William Rose, kwa sababu alimtibu mchinja nyama bila kuwa na kibali. Mchinja nyama mwenyewe alikuwa amelalamika kwamba katozwa fedha nyingi na hajapona, kwa hiyo Rose si malaika wa hadithi hii. Chuo kikashinda. Mwaka 1704 Baraza la Malordi likaibatilisha hukumu hiyo. Hoja ilieleweka hata kwa asiyejua sheria: maskini wakikatazwa kwenda kwa muuza dawa, waende kwa nani? Kuanzia hapo wauza dawa wa Uingereza wakatibu bila kujificha, na kutokana nao akatokea daktari wa familia wa kule hadi leo.

Kisa hicho msikisahau, nitakihitaji nikifika nyumbani.

Wapasuaji wa London nao waliachana na vinyozi mwaka 1745, wakapata chuo chao chenye hati ya kifalme mwaka 1800. Hapo napita haraka. Karne ya kumi na tisa ina mambo mengi, ila mojawapo siwezi kuliruka. Novemba 1870, Sophia Jex-Blake na wanafunzi wenzake wa kike walikwenda kufanya mtihani wa anatomia katika Ukumbi wa Wapasuaji, Edinburgh, nyumba ya chuo kilekile cha wembe na wiski. Wanafunzi wa kiume waliziba njia, wakawarushia matope na matusi. Wanawake wakapenya, wakaketi. Ndipo wale vijana wakamsukumia kondoo ndani ya chumba cha mtihani. Mwalimu alisema mnyama aachwe palepale, maana ana akili kuliko waliomleta. Mtihani ukaendelea, kondoo yumo.

London haikuwa bora. Elizabeth Garrett alishapata kibali cha kutibu mwaka 1865 kupitia chama cha wauza dawa, kwa kuwa kanuni zao hazikumtaja mwanamke kwa kumkataza, na baada yake chama kikabadilisha kanuni ili asije mwingine. Vyuo vya kitaaluma vya London vilifungua milango kwa wanawake mnamo 1909. Mpasuaji wa kwanza mwanamke kuwa fello, yaani mwanachama kamili, wa chuo cha wapasuaji cha Uingereza, Eleanor Davies-Colley, aliingia mwaka 1911. Miaka yote hiyo chuo kilijiita mlinzi wa ubora. Sasa mtu aniambie, ubora upi ulilindwa na kondoo?

Tuvuke bahari. Mjini Boston kulikuwa na mpasuaji msumbufu aliyeitwa Ernest Codman. Nasema msumbufu kwa heshima zote. Alikuwa na wazo moja tu: kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa iliyemtibu mpaka ijue kama amepona, na kama hakupona iandike kwa nini. Alitumia kadi ndogo. Juu yake aliandika dalili, kisha ugonjwa aliodhani, alichofanya, kilichoharibika, ugonjwa uliobainika mwishoni, na hali ya mgonjwa mwaka mmoja baadaye. Hospitali kubwa alikofanya kazi haikuupenda mpango huo, akajiuzulu mwaka 1914. Katika hospitali yake mwenyewe, ndogo, kati ya 1911 na 1916 aliruhusu wagonjwa 337, akahesabu makosa 123, na akayachapisha. Kayachapisha ya kwake, si ya jirani. Wagonjwa wakapungua, fedha zikamwishia.

Lakini mwaka 1913 kilikuwa kimeanzishwa chuo cha wapasuaji cha Marekani, na Codman aliongoza kamati yake ya viwango vya hospitali. Kutokana na fikra hizo chuo kikatoa masharti ya chini kwa hospitali, yakitosha ukurasa mmoja: kuwe na jalada la kila mgonjwa, madaktari wakutane mara kwa mara kupitia kazi yao, kuwe na maabara na eksirei, na daktari asilipwe chini ya meza kwa kumpeleka mgonjwa kwa mwenzake. Leo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaona hayo ni kama kuambiwa anawe mikono. Mwaka 1918 wakaguzi wa chuo walikwenda kwenye hospitali 692 za vitanda mia moja na zaidi. Zilizofaulu zilikuwa 89.

Themanini na tisa! Na kati ya zilizoanguka zilikuwamo zenye majina makubwa kabisa nchini. Viongozi wa chuo walikutana New York mwaka 1919 kutangaza matokeo, wakaogopa magazeti. Takwimu wakazitangaza. Orodha ya majina wakaichukua usiku, wakaiteketeza kwenye tanuri la hoteli ya Waldorf-Astoria.

Nimekitafakari kitendo hicho kwa miaka mingi na bado nina mawazo mawili. Kuna wanaosema walifanya busara: wangechapisha majina, hospitali zingefunga milango, na wakaguzi wasingekaribishwa tena. Matokeo yanawaunga mkono kiasi, maana hospitali zilijirekebisha zenyewe, na kufikia mwaka 1950 zilizotimiza masharti zilizidi 3,000. Lakini fikiria mama wa New York aliyempeleka mwanawe kupasuliwa wiki hiyohiyo katika mojawapo ya hospitali zile mia sita na tatu zilizoanguka. Madaktari walijua, yeye hakujua. Mimi nikisukumwa niseme, nasema walikosea kuichoma. Wangeweza kuzipa hospitali mwaka mmoja, kisha wakachapisha.

Vyuo vinaweza pia kuwa na ujasiri, tusivionee. Machi 1962 chuo kile cha Linacre, kikiongozwa na Robert Platt, kilitoa ripoti juu ya sigara na afya. Ushahidi ulikuwepo tangu 1950, pale Richard Doll na Austin Bradford Hill walipoonyesha kwamba wavutaji ndio wanaopata zaidi saratani ya mapafu. Serikali ya Uingereza ilikuwa inajikokota, kodi ya tumbaku ilikuwa tamu. Madaktari wenyewe walikuwa wavutaji wakubwa. Chuo kikasema wazi kwamba sigara inaua, kodi ipandishwe, matangazo yabanwe, watu wasivute ovyo hadharani. Mwaka 1965 matangazo ya sigara yakaondolewa kwenye televisheni ya Uingereza. Ripoti hiyo haikumwongezea mwanachama yeyote hata senti. Ndiyo maana iliaminiwa.

Sasa nyumbani.

Miaka ya kuelekea uhuru na baada yake, Mwafrika wa Afrika Mashariki aliyetaka kuwa bingwa wa upasuaji alisafiri kutafuta herufi za ufello za kuweka nyuma ya jina lake, za London, Edinburgh au Dublin. Profesa Sebastian Kyalwazi wa hospitali ya Mulago, Uganda, miongoni mwa wa kwanza wetu, alizipata Edinburgh. Wengine walikwenda wasirudi. Baadaye Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zikaanza kufundisha mabingwa kwa shahada ya uzamili, na kazi hiyo ni kubwa, sitaki mtu atoke hapa akidhani naibeza. Lakini daktari wa Sumbawanga au Mtwara aliyetaka kusoma alipaswa kuiacha hospitali yake kwa miaka kadhaa, na mara nyingi mji mkuu ukamnasa.

Wapasuaji wa Afrika Mashariki walikuwa na umoja wao tangu 1950. Kutokana na umoja huo, mwaka 1999 kikaanzishwa chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, ambacho ofisi yake iko Arusha na nchi zake sasa zimezidi kumi. Wauguzi na wakunga, hebu simameni kidogo tuwaone! Hawa walitutangulia. Chuo chao cha ukanda huu, ECSACON, ni cha mwaka 1990. Baada yetu wakaja wa usingizi, wa patholojia, wa magonjwa ya ndani, wa uzazi.

COSECSA inajiita chuo kisicho na kuta. Daktari anabaki kwenye hospitali anayofanyia kazi, mradi imekaguliwa ikaonekana ina walimu, wagonjwa na vifaa vya kutosha. Miaka miwili ya kwanza humfikisha kwenye mtihani wa uanachama, na mingine mitatu humfikisha kwenye ufello wa upasuaji wa jumla. Mtihani wa mdomo hufanyika Desemba, kila mwaka nchi tofauti, na watahini wanatoka kila upande: Mzambia anamhoji Mrundi, Mwethiopia anamhoji Mtanzania. Ubini wa nani na kabila gani hausaidii pale. Kama hujui kufungua kifua, hujui.

Niwaonyeshe jambo moja kwa karibu, hasa wazazi. Kila mwanafunzi wa chuo hiki ana daftari la upasuaji, siku hizi liko kwenye simu. Usiku mmoja tulikuwa na mzee mwenye ngiri iliyonasa, utumbo umeshakuwa mweusi. Kijana wangu alipasua, akakata kipande kilichokufa, akaunganisha utumbo, akafunga. Kazi safi. Saa tisa usiku, kabla hata ya kuvua buti, akafungua daftari: tarehe, umri wa mgonjwa, aina ya upasuaji. Kisha sehemu inayouliza alikuwa nani pale mezani. Alisaidia? Alifanya mwalimu akiwa amenawa na kusimama naye? Au alifanya peke yake? Akaandika peke yake. Nikamrudishia, kwa sababu mishono miwili ya nyuma niliishika mimi. Akanuna. Akabadilisha. Asubuhi yake mzee aliomba uji, na kijana akasahau kununa.

Hiyo mishono miwili ndiyo chuo kizima. Siku moja kijana huyu atakuwa peke yake kweli, kilomita mia mbili kutoka kwa bingwa mwingine, na daftari lile ndilo litakalokuwa limesema ukweli kuhusu anachoweza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wahitimu wa upasuaji 1,038 wa nchi za ukanda huu, waliomaliza kati ya 1974 na 2013, ukakuta takriban asilimia 85 wamebaki katika nchi walikosomea na asilimia 93 wamo barani Afrika. Kumbe wimbo wa kwamba wote wanakimbilia Ulaya tunauimba zaidi ya ulivyo.

Lakini wiski nayo ipo, na nina mambo mawili ya kuwaambia viongozi wetu wa vyuo, waliopo hapa na wasiokuwepo.

La kwanza, William Rose. Tanzania ilianza kufundisha madaktari wasaidizi mwaka 1963, matabibu walioongezewa masomo, na kwa miongo hii yote hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi wilayani. Wengi wetu humu tulizaliwa au tumezaliwa watoto mikononi mwao. Mlango wa chuo chetu unadai shahada ya udaktari, kwa hiyo hawa wanabaki nje. Sisemi wapewe herufi zetu. Nasema daftari wapewe. Mtu anayefanya operesheni kila juma bila mwenzake wa kuitazama kazi yake, kosa si lake, ni la waliojifanya hawamwoni. Tunawaita wadogo zetu mchana, halafu tauni ikija tunawaachia wagonjwa. Wauza dawa wa London wangewaelewa vizuri sana.

La pili ni orodha. Hospitali zilizokaguliwa zikafaa kufundishia zinatangazwa, na ni vizuri. Zilizokosa sijaona zikitangazwa, wala sijaona tukichapisha, hospitali kwa hospitali, wagonjwa wangapi waliofanyiwa upasuaji fulani waliondoka wazima. Najua jibu litakalokuja: watu watatishika, magazeti yatakuza, wanasiasa watatumbua. Hoja hizo zilitolewa pia New York mwaka 1919, usiku, kabla ya kwenda kwenye tanuri. Napendekeza tuanze kidogo. Upasuaji wa uzazi tu, mikoa inayokubali tu, na matokeo yatoke baada ya hospitali kupewa miezi kumi na miwili ya kujirekebisha. Na yaandikwe kwa Kiswahili, maana mama mjamzito hasomi jarida la kitaaluma.

Wanafunzi mnaoingia wodi ya upasuaji Jumatatu: kikao cha kujadili vifo ni kila Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, chumba kile kidogo nyuma ya maabara. Njooni na majalada, si na maelezo ya kichwani, na mkifika mtakuta mimi ndiye wa kwanza kuhojiwa wiki hii. Wazazi, kikao hicho kwa sasa hamruhusiwi kuingia. Mkurugenzi yuko hapa mbele, nadhani ni vizuri mkamuuliza kwa nini.

Ahsanteni.